Brashi ya kunyolea kwa mtu wa Dodoma: nywele za mnyama au nyuzi za plastiki?

Chemsha maji kwenye birika la umeme hapa Dodoma kwa mwezi mmoja, kisha chungulia ndani. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ndio ulionifanya niandike haya. Maji yetu mengi yanatoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe na vile vilivyochimbwa mitaani, na mengi yana chumvichumvi ya kutosha kuifanya sabuni igome kutoa povu. Mtu akiniuliza anunue brashi ipi ya kunyolea, ya nywele za mnyama au ya plastiki, swali langu la kwanza kwake ni maji anayotumia.

Mimi nilianza kunyoa kwa brashi na wembe kwa sababu ya vipele vya ndevu. Nilikuwa nanyolewa saluni kila Jumamosi, na kufikia Jumatatu shingo yangu ilikuwa kama imepandwa mtama. Ndevu zetu zimejikunja. Zikikatwa fupi sana, ncha inarudi ndani ya ngozi na pale inapochoma panavimba. Brashi peke yake haiponyi hali hiyo, lakini inafanya mambo mawili ambayo kiganja hakiwezi. Inaingiza maji na povu hadi kwenye shina la unywele, na inasugua ngozi taratibu kiasi cha kuzibua ncha zilizoanza kujificha. Unywele uliolowa vizuri hukatika kwa wembe mwepesi, nawe huna haja ya kukandamiza wala kurudia sehemu ileile mara nne. Hapo ndipo ngozi inapata nafuu.

Tangu wakati huo nimetumia brashi tatu: ya nguruwe aliyonipa baba mkubwa wangu, ya melesi (mnyama wa ukoo wa nyegere) niliyoagiza mwenyewe, na ya nyuzi za plastiki ambayo ndiyo ninayoishika asubuhi nyingi siku hizi. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwenye beseni langu.

Kwanza tujue zimetengenezwa kwa nini

Brashi za nywele za mnyama ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya nguruwe. Nywele zake ni nene na ngumu, na kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu katika kundi hili. Ya pili ni ya melesi, mnyama ambaye Waingereza humwita badger. Wengi wetu hapa tutamfananisha na nyegere, na kweli wako ukoo mmoja, ila huyu wa brashi anaishi Asia na Ulaya, na sehemu kubwa ya nywele zinazouzwa inatoka China. Ya tatu ni ya singa za farasi, za shingoni au mkiani. Hiyo sijaimiliki. Niliwahi kunyolewa nayo mara mbili, na ulaini wake niliuona uko katikati ya nguruwe na melesi. Jambo jema la singa ni kwamba zinaweza kukatwa farasi akiwa hai na akaendelea na maisha yake.

Brashi za plastiki nazo zina historia yake. Nailoni ilipoingia sokoni mwaka 1938, miongoni mwa bidhaa zake za kwanza ilikuwa mswaki. Kabla ya hapo miswaki ya dukani ilikuwa ya nywele za nguruwe. Brashi za kunyolea za nailoni za zamani zilikuwa ngumu, zinachoma kama fagio la chelewa, na sifa mbaya hiyo imezifuata hadi leo. Wazee wakisikia plastiki wanazikumbuka hizo. Za siku hizi ni kitu kingine. Uzi wake umechongwa ukawa mwembamba kuelekea nchani, na ukiupitisha shavuni mkavu unahisi kama unagusa pamba. Kama mara ya mwisho ulishika ya plastiki miaka 20 iliyopita, shika nyingine kabla hujatoa hukumu.

Maji, maji, maji

Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo linaloamua mambo kwa mtu wa Dodoma.

Sabuni ya kunyolea ikikutana na maji yenye chokaa, sehemu ya sabuni haitoi povu kabisa. Inaungana na chokaa na kuwa utando mweupe usioyeyuka, ule unaouona ukingoni mwa beseni la kufulia. Utando huo unaganda pia ndani ya brashi, chini kabisa pale nywele zinapoingia kwenye mpini. Mwezi wa kwanza huuoni. Mwezi wa tatu nywele zinaanza kushikamana, brashi inakuwa nzito, na povu linatoka pembeni tu.

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, baridi ya Dodoma ile inayokufanya uvae sweta ndani ya nyumba. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku mbili, nikachota ya kisima kwenye ndoo. Nikailoweka brashi ya melesi, nikazungusha kwenye sabuni, nikahesabu mizunguko 60. Kwenye bakuli nikapata kitu kama maziwa yaliyokatika, vipande vyeupe vinaelea kwenye maji ya kijivu. Nikaongeza sabuni, brashi ikainyonya yote. Melesi hushika maji mengi katikati ya nywele zake, na hiyo ndiyo sifa yake kuu kwa watu wenye maji laini. Kwangu mimi asubuhi ile, maji mengi yalikuwa na maana ya chokaa nyingi, na chokaa nyingi ilikuwa na maana ya sabuni nyingi kupotea. Nikachukua ya plastiki, nikaichovya na kuikung'uta mara mbili, nikaanza upya na sabuni ileile. Povu halikuwa zuri kama la maji ya mvua, lakini lilikaa shavuni mpaka nikamaliza upande wa kwanza.

Uzi wa plastiki haunywi maji. Yanakaa kati ya nyuzi tu, kwa hiyo wewe ndiye unayepima matone mangapi yaingie, na povu lote ulilotengeneza linaachiwa usoni. Sabuni kidogo inatosha. Kuisuuza ni kikombe kimoja, au viwili ukiwa umepaka nyingi. Melesi yangu ilikuwa inataka vikombe vinne au vitano hadi maji yatoke safi. Kwa mtu anayeishi kwenye mtaa wa mgao wa maji, hilo si jambo dogo.

Kama moyo wako uko kwenye nywele za mnyama, zipo njia. Kinga maji ya mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, hata dumu tatu tu. Kunyoa kunakula maji kidogo, dumu moja linakwenda mbali. Mvua ikikoma, chemsha maji, yaache yatulie usiku, kisha mimina taratibu ukiacha mashapo chini. Kuchemsha hakuondoi ugumu wote, lakini kunapunguza sehemu yake, na ule ukoko wa birika ni ushahidi kwamba kuna kitu kimetoka majini. Na kila baada ya wiki kadhaa loweka nywele za brashi kwa dakika tano kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji mengi, au kwenye maji yaliyokamuliwa ndimu, kisha suuza sana. Asidi inauyeyusha ule utando. Usilowekee mpini, hasa wa mbao.

Hewa kavu ni rafiki

Upande huu nywele za mnyama zinapata haki yake. Watu wa Dar es Salaam na Tanga wanalalamika kwamba brashi ya melesi au ya nguruwe haikauki, inanuka, inaota ukungu kwenye kitovu, pale nywele zinapoingia kwenye mpini. Sisi tuna miezi saba au zaidi bila mvua ya maana. Brashi niliyoikung'uta saa kumi na mbili asubuhi na kuisimamisha dirishani, jioni ni kavu hadi ndani. Kwa hili la kukauka, Dodoma ni mahali pazuri kuliko sehemu nyingi za nchi kumiliki brashi ya nywele za mnyama.

Ukisafiri ndio mambo yanageuka. Ukipanda treni ya SGR alfajiri na brashi mbichi ndani ya mfuko wa nailoni, ukafika Dar na kukaa siku nne kwenye chumba chenye jasho la bahari, utarudi na harufu. Ya plastiki unaikung'uta kwenye taulo mara kumi, inabaki na unyevu kidogo sana, unaifunga na kwenda zako.

Hewa kavu ina kasoro moja. Mpini wa mbao unaolowa asubuhi na kukaushwa na upepo wa Agosti mchana hupasuka. Chagua mpini wa plastiki nzito au wa chuma, brashi iwe ya aina yoyote.

Na kuna mende. Mende hula sabuni na hula nywele, na brashi ya mnyama iliyobaki na sabuni ni sahani yenye vyakula vyote viwili. Niliwahi kuikuta ya nguruwe imeliwa upande mmoja, nywele zimekatwa fupi kama zimepitiwa na mkasi. Nondo wanaokula sweta za sufu nao hawabagui. Uzi wa plastiki hauwavutii.

Usoni zinahisi vipi

Kwa uaminifu wote, melesi ya daraja zuri ikiwa imelowa maji ya moto ina joto na uzito ambao plastiki bado haijaufikia. Inakaa shavuni kama kitambaa kilichotoka kwenye maji ya moto. Siku yenye maji ya mvua na muda wa kutosha, ninaitoa yangu kabatini. Ila ujue siku za mwanzo inanuka. Ukiilowesha mara ya kwanza, bafu zima linanuka beberu aliyenyeshewa. Ioshe kwa shampuu mara tatu au nne kwa siku tofauti, harufu inaisha. Nywele chache zitadondoka wiki ya kwanza, hilo ni la kawaida. Zikiendelea kudondoka mwezi wa pili, gundi ni mbovu.

Ya nguruwe inadai subira. Lazima uiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kuanza, maana unywele wenyewe ndio unaokunywa maji na kulainika. Mwanzoni inachoma. Baada ya wiki kadhaa za kutumika ncha zake zinapasuka mbili mbili, na hapo inakuwa laini juu na imara chini. Kwa ngozi isiyo na vipele, hiyo brashi iliyokwisha zoea kazi ni nzuri sana kwenye sabuni ngumu ya kipande. Kwa ngozi yenye vipele vibichi sikushauri uanze nayo.

Ya plastiki haina mwanzo wala subira. Siku ya kwanza na siku ya mia ni ileile. Kosa wanalofanya wengi ni kuikandamiza usoni mpaka nyuzi zinalala. Nyuzi zinajirudisha kama springi, na povu linarukia kioo. Iguse ngozi kwa ncha, zungusha taratibu, malizia kwa mapigo ya juu na chini kama mpaka rangi. Kisha nyoa kufuata uelekeo wa ndevu. Brashi yoyote haitamwokoa mtu anayenyoa kinyume.

Dini, wanyama, na usalama

Ndugu zangu Waislamu, soma hapa kabla ya kununua. Kwenye boksi la Kiingereza neno "boar" ni nguruwe, na mara nyingi "bristle" likisimama peke yake nalo ni nguruwe. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo nguruwe ni najisi mwili mzima, nywele zikiwemo, na kinachoguswa naye kwa unyevu huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Brashi ya kunyolea kazi yake yote ni ya unyevu, tena usoni, mahali pa udhu. Kuhusu melesi na farasi muulize sheikh wako. Rafiki yangu wa Kondoa aliponiuliza achukue ipi, nilimjibu achukue ya plastiki na asiulize mtu yeyote tena.

Kwa wanaojali wanyama, mwaka 2018 watetezi wa wanyama wa PETA walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya namna melesi wanavyofungwa na kuuawa China kwa ajili ya brashi, na wauzaji kadhaa wa nje wakaacha kuziuza. Mimi melesi yangu niliinunua kabla sijalijua hilo. Sitanunua nyingine.

Na usijitengenezee brashi kwa nywele za mkia wa ng'ombe au punda, hata kama umeona usinga umefumwa vizuri. Wafugaji wa Kongwa na Mpwapwa wanaujua ugonjwa wa kimeta na jinsi mbegu zake zinavyoishi muda mrefu kwenye ngozi na nywele. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Uingereza na Marekani waliupata ugonjwa huo kupitia brashi mpya za kunyolea, zilizotengenezwa kwa nywele zilizoagizwa kutoka Asia bila kusafishwa vya kutosha. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani. Brashi za kiwandani za leo hutengenezwa kwa nywele zilizosafishwa. Singa ulizokata mwenyewe zizini hazijapitia huko.

Kwa kinyozi, sioni ubishi. Brashi moja ikipita kwenye mashavu ya watu 15 kwa siku inabeba vijidudu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Brashi ya kazini inatakiwa ioshwe na kutiwa dawa kila baada ya mteja, na dawa hizo zikirudiwa zinakausha na kukatisha nywele za mnyama, wakati plastiki inavumilia. Nunua tano au sita za plastiki, ziwe zinapokezana. Nawe mteja, ukiona brashi inatoka shavu la mwenzako na kuja kwako moja kwa moja, una haki ya kusema, "Samahani kaka, naomba unipake kwa mkono."

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Niliwahi kuagiza brashi nyingine mtandaoni kwa muuzaji mmoja, picha inaonyesha melesi mwenye mstari mweusi katikati na ncha nyeupe. Iliyofika ilikuwa na mstari huohuo, ila baada ya kuosha mara mbili maji yakatoka ya kijivu. Ilikuwa imepakwa rangi. Nikang'oa unywele mmoja nikauwashia kiberiti. Nywele za mnyama huungua kwa harufu ya kwato, zinabaki majivu yanayosagika kidoleni. Plastiki inayeyuka, inajikunja na kuacha kichwa kigumu kama punje. Wangu uliacha punje. Pesa haikurudi.

Kipimo hicho hakitenganishi nguruwe na melesi, maana wote wanatoa harufu ya kwato. Hapo tumia macho. Unywele wa nguruwe ni mnene kuanzia shinani na ncha yake imepasuka, wa melesi unaishia kwa ncha moja nyembamba. Majina ya madaraja ya melesi yasikutishe pia. Hakuna chombo kinachoyasimamia, kila kiwanda kinaita kinavyotaka.

Kwa bei, ya plastiki nzuri na ya nguruwe zinakaribiana. Melesi ya daraja la juu inaweza kuzizidi mara tano na zaidi. Kwa kijana wa UDOM anayekaa hosteli, anayenyoa haraka kabla ya kipindi cha saa moja na anayechota maji kwenye ndoo, achukue ya plastiki, fungu la nyuzi lenye kipenyo cha milimita 22 hadi 24, na pesa inayobaki anunue sabuni nzuri. Mtu mwenye tangi la maji ya mvua, asubuhi ndefu na ngozi tulivu, nguruwe itampa raha kama dini yake haimkatazi.

Baba mkubwa alifanya kazi reli maisha yake yote na sasa yuko Manyoni. Mwaka jana nilimpelekea ya plastiki. Nilimkuta barazani, kioo kimeegemezwa kwenye dirisha, brashi yake ya nguruwe inaloa kwenye kikombe cha bati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ndiyo ya mpira?"

Aliilowesha, akaipitisha kwenye sabuni, akapaka upande wa kulia. Upande wa kushoto akapaka kwa ile yake. Akanyoa pande zote mbili polepole, akajipapasa, akajipapasa tena.

"Imenyoa sawa," akasema. "Ila hii haina joto."

Aliisuuza kwa maji yaliyobaki kwenye kikombe, akaikung'uta, akaitia kwenye begi lake la safari. Ya nguruwe akairudisha kwenye msumari juu ya dirisha.